Niliimba Ghalani

Jumatatu, 1 Desemba

Wali umeungua tena. Chini mweusi, juu mbichi. Salma mgongoni ananivuta kilemba, maharage yamekauka maji, makuli nje wanagonga sahani kwa vijiko. Uwanja wa ghala umejaa malori tangu alfajiri. Mvua inanyemelea, na kila mwenye korosho anataka zake ziingie ndani kabla hazijalowa. Msimu wa korosho Nachingwea ndivyo ulivyo. Hakuna anayekaa chini, na mama ntilie ndiye wa mwisho kukaa.

Hami kapita bandani akitoka shule. Miaka tisa, mdomo haupoi. Alikuja na hadithi ya nyani walioingia darasani. Nyani mwenyewe hajafika hata dirishani, nikamkatisha. "Hami, baba, niache nipumue." Akaondoka. Baadaye nikamkuta nyuma ya mapipa ya maji anamsimulia mdogo wake. Salma wa watu anacheka, hajui hata nyani ni nini.

Jumamosi Hami anaingia jandoni, kijijini kwa bibi yake, Ruangwa. Nimesema Alhamdulillahi leo sijui mara ngapi. Watu wanadhani nashukuru mwanangu anakuwa mkubwa. Hapana. Nashukuru kwamba kwa wiki chache atapungua mtu mmoja wa kuniita mama. Nimeliandika, na sasa nikilisoma naona lilivyo baya. Silifuti.

Jumamosi, 6 Desemba

Ruangwa. Kumejaa watu kwa mama mkwe, ngoma tangu asubuhi. Watoto wamenyolewa vichwa vinang'aa. Siku hizi anayetahiri ni daktari wa zahanati, mafundisho ndiyo yamebaki kwa nyakanga, mzee anayeongoza kumbi, kambi ya jando huko porini. Wanawake hatufiki huko. Mwisho wetu ni kwenye mkorosho mkubwa njiani.

Rashidi, mume wangu, alimshika Hami mkono. Yeye ni mlinzi mgodini hukohuko Ruangwa, analala kwa mama yake, Nachingwea anakuja mwisho wa mwezi. Alikuwa na furaha ya kujidai, kifua mbele.

Wakati watoto wanaondoka simu yangu ikaita. Mama Fausta, mwenzangu wa bandani, anauliza kuni za kesho ziko wapi. Nikapokea. Nikaanza kumwelekeza kuni. Nilipoinua macho wanaume wameshawafunika watoto kwa vitenge na wamepinda njia.

Wifi yangu Asha akaniambia, "Hami aligeuka kukutafuta." Hakusema kwa ubaya. Alisema tu.

Kuni zenyewe zilikuwa pale pale zinapokaa siku zote.

Jumatatu, 8 Desemba

Chumvi. Sikuwa nimeliwaza hili.

Mama wa mwali, mtoto aliye jandoni, hagusi chumvi mpaka mtoto apone kidonda. Hali, haitii kwenye chungu, haonji. Hasuki nywele. Hagombani na watu. Na mume kila mtu na kitanda chake, hilo kwangu halina shida, mwenyewe yuko mbali. Lakini chumvi! Mimi ni mpishi jamani. Mpishi asiyeonja ni dereva aliyefumba macho.

Mama Fausta ni Mkatoliki, kwao hawana miiko hii. Kasema chumvi atatia yeye. Sawa. Ila mkono wa Mama Fausta una hasira. Mbaazi za leo zilikuwa chumvi ya kulambisha ng'ombe. Komba, kuli mmoja wa Songea, Mngoni, mtani wangu huyo, alisimama na sahani katikati ya uwanja akatangaza kwamba Wamwera tumeamua kuwaua Wangoni wote kwa mbaazi baada ya kushindwa kwa mikuki. Watu wakaanguka vicheko. Nikamwambia Mngoni hata akipewa mchanga anaomba kuongezwa. Tukaendelea hivyo mpaka lori likapiga honi.

Chakula changu mimi nimekula kando. Ugali na mchicha mtupu. Kama kutafuna gazeti.

Jumatano, 10 Desemba

Nyumba kimya. Salma kasinzia jua halijazama vizuri. Nimechemsha chai, nimekaa kibarazani, nimeinywa ikiwa moto. Yote. Hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini jongoo ana miguu mingi.

Raha niliyoisikia. Nitasema ukweli, ilikuwa raha hasa, mabega yameshuka. Halafu ndiyo nikagundua tangu asubuhi sijamkumbuka Hami. Mtoto yuko porini na kidonda na mama yake anafaidi chai.

Rashidi kapiga simu. Hami anaendelea vizuri, anakula. Jumamosi jioni akina mama wanakwenda kuimba kwenye ule mkorosho, watoto wanaitikia kutoka ndani. Kila mtoto anasikiliza sauti ya mama yake. Rashidi anasema yeye mpaka leo anakumbuka mama yake alivyoimba. "Usikose," kaniambia. Nikasema nikose kwani mimi wazimu?

Ijumaa, 12 Desemba

Nitakosa.

Mnada umepita na wanunuzi wanataka mzigo wao wote utoke kesho. Malori ya kutoka Mtwara yameshapanga foleni hadi barabarani. Vibarua wameongezwa, wote wanakula kwangu. Na Mama Fausta kaondoka mchana huu mbio mbio. Tembo wameingia shambani kwao Kilimarondo, mume wake yuko kule peke yake anagonga mabati. Siwezi kumlaumu. Nilimlaumu hata hivyo, kimoyomoyo, kwa maneno ambayo hayafai.

Nikifunga banda siku kama ya kesho, yule mama wa upande wa pili wa barabara atawachukua makuli wote na sitawaona tena msimu huu. Hiyo ndiyo sababu. Ni sababu kweli. Ningeweza kumwambia Asha hivyo hivyo.

Badala yake nimemtumia ujumbe kwamba Salma ana homa.

Vidole viliandika vyenyewe. Salma wakati huo alikuwa anamkimbiza kuku wa jirani. Asha kajibu upesi, pole sana wifi, mwangalie mtoto, sisi tutaimba kwa niaba yako. Nikampa dereva mmoja mchele na mbaazi awafikishie. Kama vile mchele unaimba.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika bado mikono inanuka vitunguu.

Asubuhi sufuria ya kwanza ya maharage, nani atie chumvi? Nikamwita Komba. Kachota kwa konzi, kamimina, kakoroga kwa fahari. Nikajua kwa harufu tu kwamba tumekwisha. Nusu ya makuli walirudisha sahani. Mmoja akauliza kama leo tunapikia maji ya bahari.

Ya pili nikatia mwenyewe. Nilitazama nyuma kwanza kama mwizi. Nikatia, nikachovya kidole, nikaonja.

Na sikuishia hapo. Hilo ndilo. Ningeishia kwenye kidole ningesema ni kazi. Mchana, foleni ilipokatika, nikajipakulia ugali na dagaa wa kukaanga, ndimu, pilipili, chumvi ya kutosha, nikakaa benchi moja na makuli nikala mpaka nikalamba sahani. Komba akawa anaigiza mnunuzi mmoja mwenye kitambi anavyokagua korosho, anainusa, anaiweka sikioni. Nilicheka mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho nimecheka hivyo.

Jioni malori mawili ya mwisho yakawa yanapakiwa. Makuli wakipakia huimba, mmoja anatoa, wengine wanaitika, gunia linapanda. Mtoaji sauti ilimkauka. Komba akasema, "Dada, tusaidie." Nikasaidia. Nikasimama pale mlangoni mwa ghala na upawa mkononi, Salma anacheza miguuni, nikatoa wimbo, wanaume wazima thelathini wakaniitikia. Jua linazama. Mwili mzima ulinisisimka. Nilikuwa na furaha, sijui niiandikeje. Furaha ya kitoto.

Wimbo ulipoisha ndiyo nikaangalia saa. Ilikuwa saa ile ile.

Jumapili, 14 Desemba

Nimefua. Sijapiga simu Ruangwa. Naogopa wataniuliza Salma anaendeleaje.

Jumatatu, 15 Desemba

Asha kapiga asubuhi, nikiwa nakanda unga wa chapati. Hami ana homa. Kali. Toka jana hali kitu, anatapika. Ujumbe umetoka kumbini kwa Rashidi.

Nilikaa chini palepale kwenye majivu.

Chumvi. Au ule uongo. Nilisema mwanangu ana homa na homa imekuja, imekosea tu mtoto. Ninajua homa inaletwa na nini, nimesoma mpaka kidato cha nne, kuna bango ukutani zahanati na picha ya mbu. Ninajua. Lakini tumbo langu halijasoma. Tumbo linasema ni wewe. Ulikula, ukacheka, ukaimba wimbo wa watu.

Mama Fausta karudi kutoka Kilimarondo, tembo wamekula mahindi machanga na kubomoa dungu la kulindia. Kachoka, macho mekundu, nami bila hata pole nimemwachia sufuria zote. Nimemwambia naondoka kesho na sijui narudi lini. Kakasirika. Ana haki. Baadaye kaja kunifunga Salma mgongoni vizuri, akasema ataniombea. Komba hakunitania siku nzima. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumanne, 16 Desemba

Ruangwa. Nimepanda lori la dereva mmoja anayekula kwangu. Mvua imenyesha njia nzima, tumenasa kwenye tope, tumeshuka tumesukuma. Nimefika magoti yote udongo mwekundu.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mtama. Nikapiga magoti, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Halafu swali nililokuwa naliogopa.

"Salma kapona?"

Salma ameshateremka mgongoni, ana embe mikononi, maji yanamchuruzika hadi kwenye viwiko, anapiga kelele za furaha kwa sababu kaona mbuzi.

Nikasema kapona.

Uongo wa pili, huu wa uso kwa uso. Mama mkwe akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akaendelea kupepeta. Angenitukana ningepumua.

Hami siruhusiwi kumwona. Yuko ng'ambo ya miti ile, ningepiga kelele angenisikia, na siruhusiwi. Rashidi ndiye anayeingia na kutoka. Nilimwona anakuja njiani nikaanza kusoma uso wake tangu mbali. "Bado," kasema. Daktari amekuja kumtoa damu, majibu kesho asubuhi.

Nilitamani aniite mama. Mara moja tu, hata kwa swali la jongoo.

Jumatano, 17 Desemba

Malaria. Daktari kasema malaria, kidonda hakina tatizo, kinakauka vizuri. Ameanzishiwa dawa. Mchana kanywa uji na hakuutapika.

Nililia kwa sauti mbele ya watu. Asha akanishika. Yeye ndiye aliyeniombea udhuru kwa akina mama wote Jumamosi ile, akawaambia wifi yangu anauguza. Nikazidi kulia.

Alasiri nilimkuta mama mkwe peke yake jikoni. Nikamwambia. Nilianza na chumvi. Nikamweleza dagaa, ndimu, kila kitu. Halafu Salma, kwamba hakuwa na homa wala mafua. Halafu ghala na kuimba. Nilikuwa naongea na jiko, siyo na yeye.

Akasema, "Chumvi nilijua. Mpishi wewe, utaachaje? Toka siku ya kwanza nimekula chakula changu bila chumvi, nikanuia cha kwangu na cha kwako. Hilo nimekubebea."

Nikataka kumbusu mikono. Hakunipa nafasi.

"Lakini kuimba sikuweza kukubebea. Sauti yangu anaijua, na yako anaijua."

Akaniambia nimenye mihogo.

Alhamisi, 18 Desemba

Homa imeshuka. Rashidi anasema Hami ameanza kubishana na wenzake. Basi amepona.

Mama Fausta kapiga simu, makuli wengi wamehamia kwa yule mama wa ng'ambo. Nimesikia uchungu, kidogo tu. Nimemwambia asihangaike na sufuria kubwa. Kaniuliza nani anaongea.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeimba.

Tulikwenda jioni, akina mama wote, vyakula vichwani. Pale mkorosho tukatua mizigo. Nilikuwa nimejibana nyuma ya mama mkwe kama mgeni. Wanawake wa hapa sauti zao zinapasua mbao, mimi yangu inakwaruza na kiitikio huwa kinanipita. Ghalani haikunisumbua. Hapa nilikuwa na aibu mpaka nikawa nachezesha midomo tu. Kila mmoja pale alikuwepo Jumamosi iliyopita isipokuwa mimi, na kila mmoja alinipa pole ya mtoto kuugua. Yupi? Sikuuliza. Niliitikia tu, ahsanteni.

Asha kanisukuma mbele. Nikatoa sauti. Ikatoka mbovu. Mama mmoja kageuka kuona ni nani anayeua wimbo. Mama mkwe akasema kwa sauti, "Ni Mama Hami huyo, mwacheni." Wakacheka, nikacheka, nikaimba.

Kutoka ndani watoto wakaitikia. Sauti nyingi nyembamba kwa pamoja. Nilitega sikio kuchagua ya kwangu. Sikuipata. Mama gani huyu. Akina mama wengine walikuwa wanasema yule wangu, yule wangu, mimi nikasema pia yule wangu, nikionyesha hewa.

Lakini niliimba mpaka mwisho, hata kiza kilipoingia na wengine wameanza kufunga vyombo.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimerudi Nachingwea toka juzi. Krismasi. Mama Fausta kaniletea pilau kutoka kwao. Neno limetoka kumbini kwamba watoto wote wamepona, miiko ya chakula imekwisha. Nimekula pilau halali. Tamu. Nilidhani nitashangilia.

Jumamosi nitarudi tena Ruangwa kuimba. Nimemwambia Komba mapema, malori yawepo yasiwepo. Kasema Mmwera akishaonja ngoma hatulii. Utani umerudi.

Jumamosi, 3 Januari

Wametoka.

Kanzu nyeupe, kofia, miwani ya jua, mwavuli juu ya kila mmoja. Mabwana wadogo. Wanatembea pole pole, macho chini, hawacheki. Ngoma hadi vumbi limesimama juu ya paa. Wanawake tunaruka, tunawatunza pesa, tunawafuta vumbi viatuni. Nilimtambua kwa masikio yake, maana kakonda na kaongezeka, sijui vyote viwili vinawezekanaje.

Nikapiga kelele, "Hami! Hami wangu!"

Hakugeuka. Mama mkwe akanifinya kiunoni. Hami ni jina la utotoni, limezikwa huko. Sasa anaitwa Abdala. Ukimwita la zamani unamtukana mbele za watu, na mimi mama yake nimemtukana siku yake kubwa, mdomo wazi, ngoma inalia. Hata hili niliambiwa mapema. Niliambiwa kwa simu, nikiwa nachambua mchele.

Baadaye aliletwa kwangu. Kanisalimia, "Shikamoo mama," kichwa kimeinama, kama anavyosalimia mwalimu. Sikujua niweke wapi mikono. Asha alishanieleza yaliyobaki. Chumbani kwangu haingii tena. Kuoga ataoga mwenyewe, kulala kivyake. Huyu ndiye aliyekuwa anakuja kitandani alfajiri na miguu ya baridi, na mimi nikisema jamani rudi kwako, mama amechoka. Kila mwaka nasema msimu ukiisha, nikishapumua, nitakaa na wanangu. Nikampa ruhusa akue kwanza, nitafurahi baadaye.

Rashidi anacheza katikati ya duara kama ameoa upya. Nikaingia nikacheza naye. Nililia na kucheza kwa pamoja, hakuna aliyejua lipi ni lipi.

Jumatatu, 5 Januari

Tumerudi naye Nachingwea. Komba anataka kujua sasa waniite mama nani. Mama Abdala haikai mdomoni. Kwenye kurasa hizi atabaki Hami. Hapa hatukanwi, hapa nipo mimi tu.

Kanyamaza mno. Anafagia kibanda bila kuambiwa. Nilikuwa natamani hivi. Leo nimemwuliza mwenyewe habari za wale nyani wa darasani. Kasema ah, mambo ya kitoto hayo.

Jumanne, 6 Januari

Malori machache. Mvua imekatika, uwanja una madimbwi. Saa nane, makuli wengi wameshakula. Hami kakaa benchi ya nje, mahali pa wateja, ananimenyea vitunguu. Salma kamkalia miguuni. Nilikuwa naosha sufuria, mgongo kwake.

Akaanza mwenyewe.

"Mama, kule ndani tulikuwa tunawasikia mnavyoimba."

Nikasema enhe.

"Wenzangu walikuwa wanashindana kutambua mama zao. Mimi sauti yako nilikuwa naijua upesi. Unapotea kwenye kiitikio. Jumamosi zote nilikusikia, toka ile ya kwanza."

Sufuria ilikuwa imeshatakata. Niliendelea kuisugua. Kichwani nikawaza, mwache. Amekupa mwenyewe, pokea. Mtoto anafurahi, wewe umesafishwa, nani atajua? Mama mkwe hasemi. Asha hasemi.

Nikaweka sufuria chini, nikaenda kukaa naye benchi moja. Nikafuta mikono kwenye kanga. Nikamwambia, "Ile ya kwanza sikuwepo, baba. Nilikuwa hapa. Kulikuwa na malori, na nikadanganya kwamba Salma anaumwa."

Hakuniangalia. Kamaliza kitunguu alichoshika, kakiweka kwenye beseni, kachukua kingine.

"Najua," kasema. "Niliwaambia tu wenzangu kwamba yule ni wewe."

Nilikaa hivyo hivyo, macho yananiwasha, na vitunguu havikuwa vikali kiasi hicho. Nilitaka kuomba radhi, nikaona nitamlazimisha mtoto anibembeleze. Nikachukua kisu, nikaanza kumenya naye. Mabega yetu yakawa yamegusana. Hakusogea.

Baada ya vitunguu kama vitatu akasema ya kumbini hayasemwi, lakini kuna jambo moja si la siri. Kulikuwa na mtoto wa Mandawa aliyekuwa anaogopa bundi. Bundi mwenyewe hakuwa bundi, alikuwa ni mzee mmoja anakoroma. Hapo akanitupia jicho kuona kama nasikiliza.

Nikamwambia endelea.

Komba akaita kutoka mlangoni mwa ghala, anataka wali wa pili. Nikamwambia ajipakulie, sufuria anaijua ilipo. Hadithi ilikuwa ndefu na Hami anapenda kurudia mwanzo. Salma alicheka kabla hata ya mahali pa kucheka. Mimi nilicheka mahali pake, halafu nikamwomba aigize tena yule mzee anavyokoroma.